Barafu Niliyoipeleka Hatta

Kabla hamjanunua kamera, nunueni soksi.

Najua mtacheka, lakini sina jawabu jingine kwa nyinyi vijana mnaonisimamisha hapa Deira, mlangoni mwa duka la mkwe wangu, mkaniuliza, "Bi Mwanaisha, nianze na kamera gani?" Anza na soksi, mwanangu. Nzito, za sufu, jozi mbili. Kazi iliyonilea ilikuwa ya kupiga picha, na sehemu yake niliyoipenda kuliko zote ni ile ya mwisho wa baridi kule Hatta, milimani. Huko saa kumi na mbili asubuhi saruji ya ua wa watu inakuuma nyayo mpaka unasahau kitufe kiko wapi. Mtu akisikia Dubai anafikiri ni joto tu mwaka mzima. Hajasimama Hatta alfajiri ya mwezi wa pili akiwa na kandambili. Mimi nilisimama, mwaka wangu wa kwanza, na picha zote za asubuhi ile zilitikisika.

Sikuja Dubai kwa ajili ya picha. Mimi mtu wa Mombasa, nilikuja kufanya kazi za nyumbani kama wengi wetu, na kamera nilikuwa naiona shingoni mwa watalii tu. Aliyenitia kazini ni Bi Thuwaiba, mwanamke wa Kizanzibari aliyekuwa na studio ya wanawake orofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Alikuja kupiga harusi ya binti wa madam wangu. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, basi akaniona mimi nimesimama na sinia la kahawa, akanipokonya sinia akanipa taa. "Ishike hapo," akasema, "na usipumue sana." Nikaishika saa nne nzima. Alipomaliza akamwambia madam, mbele yangu, "Huyu mikono yake haitetemeki. Siku ukimchoka, mimi namtaka." Madam hakunichoka upesi, ila baada ya miaka miwili alihama nchi, na kesho yake Bi Thuwaiba alikuwa mlangoni na karatasi za kuwa kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu.

Wallahi sijaona fundi kama yule, na nimewaona wengi, wa kila taifa, wenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Si kwamba alijua mashine kuliko wengine. Alijua adabu ya kumtazama mtu. Mnajua harusi za hapa upande wa wanawake zilivyo: simu zinaachwa mlangoni, wanawake wanavua mabuibui, wanacheza kwa raha zao, na jicho la pekee lenye kumbukumbu humo ndani ni lako wewe mpiga picha. Bi Thuwaiba alikuwa akitembea ukumbini lenzi imetazama sakafu. Anafika kwa bibi harusi, anainua, anapiga, anainamisha tena. Alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza, nami nikaona ni mbwembwe tu.

Basi siku moja nikakatiza ukumbi na lenzi juu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kichwa wazi, anakunywa kahawa yake, akashtuka akashika kifua. Sikuwa nimempiga, wala kidole hakikuwa kwenye kitufe. Nikaanza kuapa. Bi Thuwaiba akaja, akaichukua kamera yangu mikononi, akaifungua nyuma, akavuta mkanda mzima wa filamu nje kwenye mwanga mbele ya yule bibi. Humo mlikuwamo bibi harusi akiingia ukumbini, na mamake akilia. Zote zikaenda. "Kiapo chako ni chako," aliniambia baadaye. "Yeye anahitaji kitu cha kuona." Kisha akamfuata bibi harusi, akamnong'oneza, na yule binti, mtu mwema, akatoka nje akaingia ukumbini mara ya pili, ngoma zikapigwa upya, mama akalia upya. Mara ya pili alilia vizuri zaidi, kusema kweli.

Kwa sababu hiyo hiyo filamu za wanawake hatukuzipeleka labu ya kusafishia picha hata siku moja. Labu walikuwamo wanaume. Tulizisafisha wenyewe, chooni kwetu Deira, dirisha limezibwa kwa plastiki nyeusi. Na hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo yalipo makosa yangu. Dawa ya kusafishia filamu inataka ubaridi wa nyuzi ishirini hivi. Ikiwa ya moto sana picha inaungua, ikipoa sana haitoki. Sasa nani kati yenu hajaoga kwa maji ya bomba la Dubai? Matangi yako juu ya mapaa, jua linayapika, na bomba la baridi linakutolea maji ya chai. Kwa hivyo kila mpiga picha wa Deira wa zama zile alikuwa na barafu. Tunasafisha filamu, tunatia barafu. Hatufikirii. Mimi nilifika mahali nikaacha hata kupima kwa kipimajoto, nachovya kidole tu, najiona bingwa.

Zilipokuja kamera za kidijitali wateja wa mjini walihamia huko mara moja, nasi tukahama nao. Sikatai, zilinipumzisha mgongo. Lakini mabibi wa Hatta walikataa. Mmoja aliniuliza picha hizo zinakaa wapi. Nikamwonyesha kadi ndogo, kama ukucha. Akaniuliza, "Na mwenzake yuko wapi?" Nikamwambia mwenzake yuko kwenye kompyuta. "Na mwenzake huyo?" Basi wao walitaka mkanda. Mkanda unaushika mkononi, unautia kwenye kasha lako, siku ukitaka kuuchoma unauchoma, umekwisha. Kwa ajili yao Bi Thuwaiba alibaki na kamera moja ya filamu miaka yote, na kila mwisho wa baridi tuliipakia garini tukaenda.

Niwaambie siku yetu ya huko ilivyokuwa, maana nyinyi mnapita Hatta Ijumaa, mnapiga kasia bwawani, mnajipiga picha kumi, mnarudi mjini na foleni. Sisi tulikuwa tukiondoka baada ya alfajiri na chupa mbili za chai, moja ya tangawizi ya kunywa, moja ya maziwa ya kuwapa wenyeji. Ukifika, usiitoe kamera kwenye mkoba upesi. Buti la gari lina baridi, nyumbani mwa wenyeji kuna joto la moto na mvuke wa chai, na lenzi inapotoka tu inafanya ukungu. Iache mkobani robo saa izoee, wewe salimia watu. Salamu za Hatta ni ndefu, zinatosha.

Kisha ngoja jua. Milimani jua linachelewa kufika na linawahi kuondoka. Ua wa nyumba unaweza kuwa kivulini mpaka saa nne asubuhi, na saa tisa alasiri mlima wa upande wa pili umeshalificha. Katikati hapo ndipo unapofanya kazi. Lakini mwanga wenyewe, jamani. Majabali yale ya kahawia yanaurudisha umepoa, hauchomi uso wa mtu, na ikiwa mvua imenyesha juzi hewa imeoshwa, unaona mpaka mbuzi aliye juu kabisa. Mbuzi wenyewe muwaogope. Walinilia mkanda wa begi na nusu ya abaya.

Sasa nije kwenye niliyoyaharibu.

Ilikuwa mwisho wa baridi mmoja, mvua imenyesha wiki nzima na mabonde yamepitisha maji. Shamsa akampigia simu Bi Thuwaiba. Huyu Shamsa alikuwa mwalimu wa skuli kule Hatta, binti wa pekee wa Mama Moza. Na Mama Moza tulimjua miaka mingi, kwake ndiko tulikokunywa chai ya kwanza kila tukifika. Alizaliwa Unguja, babake akamleta milimani angali kijana hajavunja ungo, akaolewa huko huko. Kiswahili chake kilikuwa cha mabibi zetu, hakijachanganyika na kitu. Tulikuwa tukipiga wajukuu, tunapiga wakwe, na yeye amekaa pembeni na barakoa yake, ile ya kitambaa kigumu cha kung'aa inayofunika paji na pua na mdomo wa juu, anatutolea makosa. Yeye mwenyewe hatujampiga hata mara moja. Picha yake ilikuwa ya kitambulisho tu, na hiyo alikunja uso hata Shamsa akasema hamjui mtu yule.

Shamsa alisema mamake ana uvimbe kwenye taya la kushoto, chini ya sikio. Keshokutwa yake wangeukata. Madaktari walimwambia wazi kwamba watalazimika kukata na mshipa wa fahamu unaopita hapo, na upande ule wa uso hautafanya kazi tena. "Nataka uso wa mamangu kama ulivyo," Shamsa alisema. "Amekubali. Njooni kesho, kabla hajabadilisha nia."

Tukaenda. Mama Moza alitupokea na masharti yake yako tayari. "Mara moja," alimwambia Bi Thuwaiba. "Nisikie huo mlio mara moja tu, halafu khalas. Na mkanda hautoki nyumbani kwangu ukiwa mbichi. Msafishe humu humu, mnipe mkononi."

"Inshallah, dada yangu," Bi Thuwaiba alisema. Hakubishana. Fundi mwingine angeomba mbili, tatu, za tahadhari.

Saa nne jua lilipovuka mlima Mama Moza akakaa kwenye kiti cha mbao katikati ya ua, na Shamsa akamfungua kamba za barakoa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na ubao mweupe wa kurudisha mwanga, kwa hivyo nilikuwa karibu kuliko kamera. Ngozi iliyokaa chini ya kitambaa ilikuwa nyororo, umri haujaifikia, na juu ya pua palikuwa na buluu kidogo ya rangi ya barakoa iliyoingia mwilini miaka na miaka. Hakutabasamu. Alimtazama Bi Thuwaiba kama mtu anayemtazama mtu aliyemwamini. Bi Thuwaiba alikaa nyuma ya kamera bila kugusa kitu, nadhani dakika tano, mpaka mabega ya yule mama yakashuka. Ndipo akapiga. Mlio mmoja. Nikajua nimeona picha bora ya maisha ya fundi wangu, na nilijawa na furaha kwa ajili yake.

Nikaenda kusafisha. Walitupa choo cha wageni. Nikaziba dirisha, nikatia taulo chini ya mlango, nikafungua dawa zangu, nikachanganya na maji ya bomba. Kisha nikafungua sanduku la barafu. Nilikuwa nimeinunua njiani kwenye stesheni ya petroli kama kawaida, na kama kawaida nikatia. Nikachovya kidole. Kidole chenyewe kilikuwa kimekufa ganzi tangu alfajiri, kingeniambia nini? Nikaona sawa. Nikazungusha kopo langu la filamu, nikahesabu dakika, naimba kimoyomoyo.

Nilipoufungua ule mkanda na kuuinua kwenye taa niliona kioo kitupu. Nikauzungusha. Kwenye fremu moja palikuwa na doa la kijivu, hafifu, pale uso ulipokuwa. Macho hayakuwapo. Mdomo haukuwapo. Nikaweka mkono ndani ya beseni la maji, mkono mzima, na hapo ndipo nilipohisi jinsi maji yale yalivyokuwa ya barafu hata kabla sijayatia barafu. Niliketi juu ya ndoo nikalia.

Bi Thuwaiba alikuwa peke yake barazani, anavuta uradi. Nikampa mkanda. Aliushika kwa ncha, akauelekeza mbinguni, akautazama muda. Kisha akavishika vidole vyangu.

"Ulitia barafu?"

"Nilitia."

"Mwanaisha," akasema. "Barafu. Hatta."

Nikamwambia tuseme kamera imegoma. Kamera hugoma, nani atajua? Au tumpe mama mkanda wake, hawezi kuusoma, na mpaka wagundue ameshatoka hospitali. Niliyasema haya, siwafichi. Nilikuwa naogopa Shamsa, naogopa studio kupoteza jina kule milimani, nilikuwa naogopa kila kitu isipokuwa Mungu.

"Kamera hii nimekuwa nayo kabla yako," alisema Bi Thuwaiba. "Haijanisingizia, nami siisingizii. Utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimekaa hapo hapo kando yako."

Mama Moza alikuwa chumbani na Shamsa, wanatia nguo kwenye begi la hospitali. Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia picha imeharibika, na aliyeharibu ni mimi, si Bi Thuwaiba wala kamera. Shamsa aliacha nguo zikaanguka. "Nilisema tutumie simu," akasema kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini iliniuma kuliko makelele. "Nilisema. Gari linakuja baada ya alasiri. Kesho nitaupata wapi uso wake?"

Mama Moza aliniuliza, "Imekufa kabisa?"

"Kabisa, bibi."

"Imekufaje?"

Nikamweleza yote. Maji ya Deira, matangi, nyuzi ishirini, barafu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kutia udhu. Alisali adhuhuri, kisha akabaki juu ya msala. Tukangoja. Chakula kililetwa na hakikuguswa. Bi Thuwaiba akatia mkanda mpya kwenye kamera, akaifuta lenzi, halafu akairudisha mkobani. Nikamwuliza kwa nini asiisimamishe kabisa kwenye miguu yake mitatu uani, jua linakwenda. "Nikiisimamisha nitakuwa namshurutisha," akasema. Kuna mambo nimeyafikiria maishani zaidi ya mengine, na hilo ni mojawapo. Jina lake, kazi yake ya miaka yote kule, vyote vilikuwa pale, naye akakaa na mkoba mapajani akangoja.

Kivuli cha mlima kilikuwa kimeshakula nusu ya ua Mama Moza alipotoka. Akasimama mbele yangu.

"We mwana wa Mombasa."

"Labeka."

"Hiyo barafu uliitoa wapi?"

"Mjini, bibi. Stesheni ya petroli."

"Ukaipakia garini."

"Ndiyo."

"Ukaileta huku. Jana nimelala na mablanketi matatu na soksi za marehemu, nawe unatuletea barafu." Nikaona barakoa inatikisika. "Imebaki?"

"Imebaki nusu sanduku."

Basi akaanza. Kicheko kilianzia tumboni, akalazimika kushika ukuta. Shamsa alimtazama mamake kama hajamwona maishani. Mama Moza akajikokota mpaka kwenye kiti, akakaa, akamwambia bintiye, "Nifungue kamba, upesi, jua linakwenda."

Bi Thuwaiba aliitoa kamera. Akanipa mimi. "Piga wewe."

"Siwezi."

"Yalla, Mwanaisha. Kivuli hicho."

Nikasimama nyuma ya kamera. Nilitaka angoje, arudishe uso ule wa asubuhi. Naye alijaribu, maskini. Anatulia, anakaza midomo, ananitazama, na akiniona tu barafu inamrudia anaangua tena. Kivuli kilimpanda magotini, kikafika kifuani. Kilipogusa kidevu sikuwa na la kufanya. Nikapiga akiwa katikati ya kicheko, mdomo wazi, mapengo yake yote nje, machozi yanashuka.

Mara hii kipimajoto kilitoka, na birika la maji ya moto likaletwa, na Bi Thuwaiba akasimama nje ya mlango akinihesabia dakika kwa sauti. Mkanda ulitoka mzima. Shamsa aliutazama kwenye dirisha, hakufurahi. "Mamangu si mtu wa kucheka hivi," akasema. Mama Moza akauchukua ukingali na unyevu, akautia kwenye kasha la dhahabu zake, akapanda gari.

Msije mkasema kosa lile lilikuwa heri. Watu wakisikia kisa hiki hupenda kunifariji hivyo, nami huwakatalia. Picha ya asubuhi ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilikuwa nimepiga magoti kando yake, najua nilichokiona. Ilikuwa kazi ya fundi mkubwa, na niliiua mimi kwa uvivu wa kutochukua kipimajoto kilichokuwa kwenye mkoba, sentimita chache kutoka mkononi. Bi Thuwaiba hakunilaumu mbele ya mtu hata siku moja. Ila kila mwaka tukipita ile stesheni ya petroli alikuwa akipunguza mwendo na kuniuliza kwa upole, "Tununue?"

Baada ya miezi kama miwili Shamsa alikuja studio na mkanda, maana mashine ya kuchapia ilikuwa kwetu. Alikaa nasi chumba cha giza mpaka mwisho, ndiyo masharti. Uso ulipoanza kutokea kwenye beseni, kwanza mapengo, kisha macho, alishika mdomo wake. Bi Thuwaiba alimwekea mkono begani. "Upande wa kushoto haucheki tena," Shamsa alisema. "Akicheka sasa anajificha." Aliondoka na karatasi moja na mkanda wake, nasi hatukubakiwa na kitu.

Bi Thuwaiba ameshatangulia, Mungu amrehemu. Studio ilifungwa. Nami nilistaafu, nikawa bibi wa kukaa dukani na kuwatolea nyinyi makosa. Kamera ile ya mkanda alinirithisha mimi, nikaiweka kabatini.

Mwisho wa baridi uliopita Shamsa alinipigia simu. Mamake ananiita, na anataka nije na kamera ya mkanda. Kwa nini? Shamsa hajui, mamake amekataa kumwambia. Mkwe wangu akanipeleka mpaka Hatta, akabaki garini.

Mama Moza amezeeka sana, anatembea kwa kushikwa. Alikuwa ameshakaa uani kwenye jua, barakoa usoni. Shamsa akatuletea chai, akarudi kusimama mlangoni mwa jiko. Mama Moza alingoja mpaka binti yake awe mbali kidogo.

"Shamsa ana ile ya kucheka," akaniambia. "Kaitundika chumbani kwake, ndani ya kabati. Analifungua kila asubuhi. Kisha ananiletea chakula, ananitazama, namwona anamtafuta yule wa pichani kwangu. Hampati. Miaka yote hii hampati, mwanangu. Nami namwonea huruma, kisha naona wivu." Akavuta pumzi. "Nataka na huyu wa sasa naye awe na picha yake."

Akafungua kamba mwenyewe. Upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umeanguka, na jicho la upande huo halikufungika vizuri, lilikuwa likitoa machozi pasipo kulia. Kovu lilishuka kutoka sikioni mpaka shingoni. Upande wa kulia ulikuwa ule ule nilioujua. Nilisimamisha kamera. Nikamwomba ageuke kidogo, apate mwanga mzuri upande wa kulia.

"Usinigeuze," akasema. "Nipige huyu alivyo."

Nikainama kwenye kamera. Nikangoja kama nilivyofundishwa, bila kugusa kitu, mpaka mabega yakashuka. Nikiwa nangoja hivyo Shamsa akatoka mlangoni. Nadhani alikuwa amesikia yote. Alikuja akakaa chini kando ya kiti, upande wa kushoto, akainua kichwa, akaweka shavu lake juu ya shavu lile lisilotikisika, na akafumba macho. Mama Moza akamwachia.

Nikapiga.